Kabla ya Kumshukuru Mtu, Ijue Kazi Yake

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiratibu kazi za watu wanaojitolea katika shirika la hisani. Kila inapokaribia tarehe 5 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Kujitolea iliyoanzishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1985, swali linaloletwa kikaoni huwa ni lile lile: mwaka huu tuwape nini? Hutajwa fulana, vyeti, hotuba ya mwenyekiti wa bodi na picha ya pamoja. Sina ugomvi na mambo hayo, kwa kuwa watu huyafurahia. Kinachonisikitisha ni kwamba swali lililopaswa kutangulia, yaani kila mmoja wao amefanya nini hasa, ni nadra kuulizwa, na hata likiulizwa hakuna anayeweza kulijibu kikamilifu.

Tuitazame stoo ya shirika linalopokea dawa za msaada. Yupo mama anayejitolea humo ambaye, kila mzigo mpya unapoingia, huyapanga upya maboksi ili yale yanayokaribia kuisha muda wake yakae mbele, kisha huandika tarehe kwa kalamu nene upande unaotazama mlango, ili mtu anayekuja kuchukua dawa kwa haraka asilazimike kuinua boksi na kuligeuza ndipo asome. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Ripoti inayopelekwa kwa wafadhili hutaja dawa zilizogawiwa, lakini zile zilizonusurika kutupwa kwa sababu ya mkono wake hazina safu katika jedwali lolote. Mama huyu akiitwa jukwaani na kuambiwa kwamba shirika linathamini moyo wake wa kujitolea, maneno yale yale waliyoambiwa wote waliomtangulia, atapokea cheti chake kwa adabu na kurudi kwenye kiti akijua kwamba kazi yake haijaonekana. Lakini mkuu wa shirika akimfuata stoo na kumwambia kwamba tangu alipoanza kuandika tarehe upande wa mlangoni hakuna boksi lililoozea nyuma ya mengine, hapo atajua kwamba ameonekana.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kutambua mchango ni kazi ya mwaka mzima, tena huanzia kwenye daftari. Kila msimamizi wa kitengo aandike, walau mara moja kwa wiki, sentensi moja au mbili kuhusu jambo mahususi ambalo mtu fulani alilifanya na lililotokana nalo. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, ila inamlazimu msimamizi kutoka ofisini na kutazama, na nadhani faida yake kubwa iko hapo. Daftari la mahudhurio pekee halitoshi, kwa kuwa linatuambia nani alikuja na saa ngapi, lakini halisemi alipofika alifanya nini.

Kuhusu zawadi, upo utafiti mmoja ambao napenda waratibu wenzangu waufahamu. Mwaka 1973 wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachunguza watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora. Baadhi waliahidiwa mapema kwamba wakichora watapewa tuzo, nayo ilikuwa cheti kilichopambwa kwa utepe. Wengine walipewa cheti hicho hicho baada ya kuchora, bila kukitarajia. Na wengine hawakupewa chochote. Siku kadhaa baadaye, watoto waliokuwa wameahidiwa tuzo walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao wa makundi yale mengine mawili. Watu wazima si watoto wa shule ya awali, lakini nayaona mantiki yale yale katika kazi zetu: zawadi iliyotangazwa kama chambo hubadilisha sababu ya mtu kuja, ilhali shukrani inayomfikia bila ahadi inaiacha sababu yake ya awali ikiwa salama.

Hata hivyo, hoja hii isitumike kuwanyima watu haki zao. Nauli ya mtu anayejitolea ni gharama ya shirika, sawa na umeme na karatasi, na kuirudisha kwa wakati hakuhusiani na zawadi. Mtu anayetoa fedha mfukoni mwake ili aje kutusaidia, kisha akasubiri miezi kadhaa kurudishiwa, hawezi kufarijiwa kwa fulana. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, na yapo mashirika yanayowapiga watu mateke hayo huku yakiwaandalia hafla.

Wafanyakazi wa kuajiriwa nao wana lao la kusema. Kwa kuwa wanalipwa, hudhaniwa kwamba mshahara umeshasema yote, na siku ya kuwashukuru wanaojitolea wao ndio hupanga viti, hugawa vinywaji na kubaki nyuma kufagia ukumbi. Mhasibu aliyekaa hadi usiku akioanisha risiti na hati za malipo kabla ya wakaguzi wa hesabu kufika ameliokoa shirika na aibu kubwa, lakini kwa kuwa hesabu zilikutwa safi, hakuna aliyehisi kwamba palikuwa na la kumshukuru. Siku ya Kibinadamu Duniani, tarehe 19 Agosti, iliwekwa kwa kumbukumbu ya watu 22 waliouawa mwaka 2003 katika shambulio dhidi ya ofisi za Umoja wa Mataifa mjini Baghdad. Ni haki kabisa kuwakumbuka marehemu. Nami naongeza kwamba walio hai, wanaofanya kazi hiyo hiyo leo, wana haki ya kusikia neno jema wakiwa bado wanaweza kulisikia.

Tuzo ya mfanyakazi bora wa mwaka siiungi mkono. Mara nyingi humwangukia anayeonekana zaidi, mhudumu wa mapokezi au msemaji hodari wa vikao, huku dereva na msafishaji wakibaki watazamaji wa kudumu.

Jambo ambalo ningelipa kipaumbele kuliko yote ni barua. Kijana anayejitolea huku akitafuta ajira hanufaiki sana na cheti kinachosema kwamba alishiriki. Anahitaji barua inayoeleza kwamba kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani alitunza kumbukumbu za stoo kwa kompyuta, aliwafundisha wageni watatu kazi hiyo, na alikabidhiwa funguo bila upotevu wowote kutokea. Iwe imesainiwa na msimamizi anayemfahamu, na jina lake limeandikwa kwa usahihi. Barua ya namna hiyo haiwezi kuandikwa kutoka kichwani mwisho wa mwaka. Huandikwa kutoka kwenye lile daftari. Napendekeza pia kwamba kila anayeondoka aandikiwe bila kuomba, hata yule aliyeacha kuja bila kuaga, kwa sababu wengi wa hao waliondoka kwa kupata kazi, kuuguza mzazi au kuhama, na kazi waliyoifanya kabla ya hapo ilikuwa halali na imekamilika.