Gagula katoka kwa Mzungu, bibi ni wa kwetu

Hili neno gagula, la kumwita bibi kizee anaedhaniwa mchawi, nalisikia sana hapa Mbeya. Bibi wa watu anapita zake Mwanjelwa na kimkoba chake, kitenge kimekaa upande, utasikia vijana wa bodaboda "gagula huyo", wanacheka, na bibi sijui hasikii au anasikia kaamua kuuchuna. Wengi wanadhani ni neno la kabila fulani huko. Hamna. Gagula katoka kwenye hadithi ya Mwingereza, H. Rider Haggard, mwaka 1885, ile iliyokuja kutafsiriwa ikaitwa Mashimo ya Mfalme Sulemani na wazee wetu wakaisoma shuleni. Humo kuna ajuza mmoja kakauka kama nini, umri wake hakuna anaeujua, kazi yake kunusa wachawi mbele ya mfalme, akikunyooshea kidole ndo basi tena unauawa palepale. Jamaa alikaa Afrika Kusini miaka kadhaa, akarudi kwao akatunga bibi wa kutisha wa Kiafrika ili vijana wa Kiingereza wasisimke, alafu sisi tukampokea mzimamzima tukawavisha bibi zetu.

Ila kero yangu hasa sio Haggard, kashakufa huyo. Kero yangu ni kwamba maneno yetu ya mwanamke mwenye nguvu yanabadilika kufata umri wake, nguvu hata zisipobadilika. Akiwa binti ni sifa tupu, "yule kaniroga", "yule sio mtu ni jini", na anaesema hivo anatabasamu kabisa na vocha anatuma.

Akiolewa inakua limbwata, ile dawa ya kumlisha mume ili apende. Kuna baba mmoja mtaani kwetu huku Uyole, asubuhi unamkuta kashika ndoo ya maji, anamfunga mtoto kamba za viatu, jioni anarudi na nyama nusu kilo kwenye mfuko moja kwa moja nyumbani, kilabuni hapiti. Basi mtaa mzima ushajua kalishwa. Wapo wanaojua mpaka ni mboga gani iliyowekewa, na nyama ya hiyo dawa ilikaa wapi kabla ya kuingia sufuriani, hiyo siandiki hapa maana kuna watu wanakula. Yani mwanaume akimpenda mkewe lazima itafutwe dawa iliyosababisha, lakini yule anaerudi saa sita usiku anapiga mateke mlango sijawahi kusikia mtu anauliza nani kamlisha nini. Huyo kila mtu anasema ndo alivyo.

Alafu akifika umri wa mtu mzima, biashara ikamkubali, anahamia kwenye chuma ulete, yani uchawi wa kuvuta hela za wenzio. Hili sokoni ni jambo zito, usilichukulie poa. Shangazi yangu anauza mchele wa Kyela na hela anaweka kwenye kopo la maziwa ya unga, siku moja kaniambia mwanangu nichukulie chenji humo, nikaingiza mkono nikakuta chini ya noti kuna ndimu imekauka mpaka imekua nyeusi na chembe za chumvi ya mawe. Nikamuuliza shangazi hii ya nini. Akashusha sauti, "yule mama wa pale kona akikupa hela usipokee mkononi, mwambie aweke mezani." Nikamchunguza huyo mama wa kona. Anafika sokoni kabla jua halijatoka, sado anaijaza mpaka inamwagika, na kila mteja anamwita kwa jina la mwanae. Kwa akili yangu ndogo hapo hela lazima ziende kwake, hata bila tunguri.

Mwisho ndo uzee, na hapo hakuna tena utani. Bibi mwanga, bibi anapaa na ungo, na macho mekundu. Hayo macho mekundu ndo yameua watu. Kule Usukumani vikongwe wengi wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, wakati mtu kapika na kuni maisha yake yote, au ng'ombe wakiwepo na kinyesi kikavu, moshi unamwingia kila siku utegemee macho yawe meupe? Na huku kwetu ndo kabisa, mwezi wa sita na wa saba baridi ya Makete na Rungwe unaijua, jiko linakua ndani, mlango umefungwa, bibi kakaa pembeni ya moto kutwa nzima. Sheria ya Uchawi ipo toka 1928, ya Mwingereza lakini bado tunayo, na kumtaja mtu kua ni mchawi ni kosa humo humo. Sijui nani mtaani anaijua.

Kinachonishangaza zaidi, lugha za huku zilikua na akili kuliko hivi tunavyoongea saa hizi. Wanyakyusa wana abalosi, hao ndo wachawi, ila wana na abamanga, walinzi wa kijiji, wanaowaona wachawi usiku ndotoni na kuwafukuza. Akina Wilson, yule mama Monica na mumewe Godfrey, waliokaa Rungwe miaka ya 1930 kuandika mambo ya Wanyakyusa, walielezwa kwamba mchawi ana chatu tumboni, na mlinzi nae nguvu zake zinatoka kwa chatu hivohivo! Nguvu moja, swali ni unaitumia kumla jirani au kumkinga. Na mchawi angeweza kua mwanaume kabisa. Leo sema "mchawi" mbele ya watu kumi uone kama hawajamwaza bibi wote.

Mwanaume nae tunamwita nani? 2011 nchi nzima ilipanda magari kwenda Samunge kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu aliyesema kaoteshwa dawa, na jina tulilompa ni Babu. Babu wa Loliondo, kwa heshima zote.

Wakati tuna Nkomanile hapo Songea, nduna yani kiongozi wa Kingoni, mwanamke, ndie aliepokea maji ya dawa ya vita ya Majimaji na kuwaingiza Wangoni vitani, Wajerumani wakamnyonga 1906 na viongozi wenzie. Dawa ilipita mikononi mwake na hakuna anaemwita gagula, anaitwa nduna. Sasa naomba Wabena, Wahehe na Wakinga mnisaidie, kwenu mwanamke wa hivo, mwenye nguvu za kulinda, mnamwitaje? La uchawi msinitumie, muhavi ninalo tayari.