Gesi ya kiyoyozi haiishi, huvuja

Kila mwaka msimu wa Kaskazi unapokaribia na joto la Dar es Salaam likaanza kupanda, mafundi wa viyoyozi huwa hawapatikani kwa urahisi, na ombi wanalolisikia zaidi ni la kuongezewa gesi. Fundi huja na mtungi wake, huunganisha mpira kwenye mashine ya nje, hujaza, hulipwa na kuondoka, na mwaka unaofuata huitwa tena kwa kazi ile ile. Naandika haya kwa sababu naamini desturi hiyo inawamalizia watu fedha, inachakaza mashine kabla ya wakati wake na inaharibu anga letu sote.

Gesi ya kiyoyozi si petroli inayoungua ikaisha. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa huigandamiza na kuisukuma ikiwa ya moto hadi kwenye koili ya nje, yaani bomba lililokunjwa mara nyingi, ambako feni huipunguzia joto mpaka ikawa kimiminika, kisha hupita katika mrija mwembamba ambapo mgandamizo wake hushuka ghafla, na inapofika kwenye koili ya ndani huchemka na kuwa mvuke tena, ikilichukua joto la chumba. Mzunguko huo unaweza kuendelea maisha yote ya mashine bila kuongezwa hata gramu moja. Kwa hiyo gesi ikipungua, pana mahali inapovujia, na kazi ya kwanza ya fundi ni kupatafuta.

Mara nyingi ni kwenye maungio ya bomba za shaba, pale ncha ya bomba ilipopanuliwa na kukazwa kwa nati, au kwenye koili yenyewe iliyoliwa na kutu. Fundi makini hujaza nitrojeni kavu, hupaka povu la sabuni kwenye maungio, kisha huangalia kama mshale wa geji, kipimo cha mgandamizo, unashuka. Akishaziba, huunganisha pampu ya vakyumu na kuiacha ifanye kazi kwa muda wa kutosha ili hewa na unyevu vitoke, kwa kuwa unyevu unaobaki ndani huchanganyika na mafuta ya kompresa na hatimaye kuzaa asidi inayoharibu nyaya za mota yake. Ndipo hupima gesi kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Anayejaza kwa kugusa bomba na kutamka kwamba limeshapoa anakisia tu, na gesi iliyozidi nayo huilazimisha kompresa kufanya kazi ngumu kuliko ilivyokusudiwa.

Pengine gesi haijapungua hata kidogo. Barafu ikiota kwenye koili ya ndani, wengi huhukumu papo hapo kwamba gesi imeisha, ilhali barafu hiyo hiyo hutokea pia pale hewa inaposhindwa kupita: vichujio vimeziba vumbi, koili imefunikwa utando, au feni ndefu ya ndani imejaa uchafu mweusi wa ukungu. Koili isiyopata joto la chumba hupoa chini ya nyuzi sifuri, na unyevu wa hewa yetu ya pwani ukaganda juu yake. Nyumbani kwetu vichujio huoshwa kwa maji kila baada ya wiki mbili wakati wa joto, kazi ambayo mtoto mkubwa anaweza kuifanya umeme ukiwa umezimwa. Koili na feni huachiwa fundi, pamoja na mrija wa kutolea maji, ambao ukiziba ndipo ukuta huanza kulowa.

Kwa wanaokaa karibu na bahari, iwe Msasani, Mbezi Beach au Kigamboni, mashine ya nje inahitaji uangalizi zaidi kuliko ya ndani. Mapezi yake, yaani vibati vyembamba vinavyotawanya joto, ni ya alumini na mabomba yake ni ya shaba, na metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, alumini huliwa kwanza. Mapezi hugeuka unga mweupe, joto likakosa pa kutokea, na uniti za LUKU zikaanza kwenda bila chumba kupoa. Dawa yake ni rahisi mno: maji baridi yasiyo na chumvi, kwa mpira wenye nguvu ndogo, kila mara. Nawasihi wasomaji wakatae dawa za kuoshea zenye asidi kali, kwani zinang'arisha alumini siku hiyo na kuikondesha kwa miezi inayofuata.

Wakati wa kubadilisha mashine hufika. Viyoyozi vingi vya zamani hutumia gesi ya R22, ambayo huharibu tabaka la ozoni na kwa hiyo inaondolewa chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Kwa nchi zinazoendelea ukomo wake ni mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Mashine ya R22 haiwezi kujazwa R410A, gesi nyingine ya viyoyozi, kwa sababu mgandamizo wa R410A ni mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 60 na mafuta yake ya kompresa ni ya aina nyingine. Hatari zaidi ni kuijaza propani, gesi inayowaka, katika mashine ambayo swichi na nyaya zake hazikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Mimi nimechagua mashine ya gesi ya R32. Inashika moto kwa kiwango kidogo, hivyo inataka fundi anayeijua, lakini uwezo wake wa kulipasha anga joto ni mara 675 ya kaboni dioksidi, wakati wa R410A ni mara 2,088, na ndiyo aina ya tofauti iliyokusudiwa na makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016 ya kupunguza gesi zinazolipasha anga joto. Mashine iwe ya inveta, ambayo kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, na ilingane na chumba. Mashine ya kawaida iliyo kubwa kupita kiasi hupoza haraka ikazima kabla ya kukausha hewa, nanyi mkalala katika ubaridi wenye unyevu. Dirisha la magharibi likiwekewa kivuli na dari ikazuia joto la bati, chumba kilichodhaniwa kinahitaji BTU 18,000 (kipimo cha uwezo wa kupoza) huenda kikatosheka na 12,000, na tofauti ya bei ikalipia kivuli hicho.

Mabomba ya zamani yasiachwe ukutani kwa kubana matumizi, kwa kuwa mafuta ya R22 yaliyobaki ndani yataichafua mashine mpya. Mashine ya nje iwekwe upande usiopigwa moja kwa moja na upepo wa bahari, juu ya vishikio vilivyopakwa zinki, ikiwa na nafasi ya kutosha nyuma yake. Na kabla ya kupatana bei na fundi, muulize kama atakuja na pampu ya vakyumu na mizani; asiye navyo, tafuta mwingine.