Saa tisa, cherehani ikiwa kimya

Saa 11 alfajiri. Nimepiga magoti kando ya kitanda. Tangu Mama afariki, miezi mitano sasa, maneno hayaji. Tulimwombea, tukafunga, akafa. Nasema "Amina" peke yake, nainuka.

Saa 2 nipo kwenye cherehani. Kuna suti ya bwana harusi na sketi tatu za sare. Kazi inakwenda.

Saa 4 mteja wa siku nyingi ananiuliza Mama anaendeleaje. Namweleza. Ananishika mkono: "Mungu ana makusudi yake, mwanangu." Najua anataka kunifariji, na nampenda kwa hilo, lakini mwenye msiba neno hilo humchoma. Afadhali angenyamaza tukakaa tu.

Saa 6 chakula hakipiti. Nafungua Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka sifa kabla hazijaisha, kama ile ya 13 inayouliza "hata lini" mara nne ndani ya aya mbili, kisha ikamalizia kwa kuimba. Hii ya 88 haigeuki. Inaishia gizani. Na bado wakaitunza, wakaiimba mbele za Mungu, hakuna aliyeifuta.

Saa 9. Kola imekaa kombo, naifumua. Ncha ya mkasi inakata uzi mmoja mmoja, na kitambaa kinabaki na vitundu vya sindano. Naitazama saa ukutani. Marko ameandika kwamba giza lilikuwa juu ya nchi tangu saa sita hata saa tisa, na saa tisa Yesu akapaza sauti: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Ni mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22. Kila Ijumaa Kuu nimeusikia kama kilio tu. Leo ninachosikia ni "wangu", mara mbili. Ameachwa, na bado anamwita wake.

Naweka mkasi chini. "Mungu wangu, mbona ulimwacha Mama?" Nimelitamka kwa sauti. Hakuna jibu. Ila ni sentensi nzima ya kwanza niliyomwambia tangu mazishi, na kifua kimelegea kidogo.

Saa 12 jioni suti imekwisha. Kola imelala vizuri.

Saa 3 usiku, magoti tena. Naanza na swali lile lile. Linafuata jingine, halafu machozi, halafu namsimulia jinsi Mama alivyonifundisha kutunga uzi kwenye sindano, akiulowesha kwanza kwa mate. Saa 4 inanikuta bado nazungumza naye.