Hasheem alianza na miaka 15 jamani

Juzi tumefunga nyavu mpya kwenye ringi ya kiwanja chetu cha kikapu hapa Mtwara mjini. Nikisema mpya msidhani ya dukani, ni kipande cha wavu wa kuvulia tulichopewa na babu mmoja kule Shangani anayeshona nyavu chini ya mkungu, tukamwamkia, tukamweleza shida yetu, akauliza hiyo ringi upana wake ukoje, nikampimia kwa mikono, basi akakata kipande akachukua sindano yake ya mti na uzi wa nailoni akaanza kupiga fundo moja moja bila hata kutazama, anaongea na sisi huku mikono inakwenda. Nusu saa haikufika. Nikataka kumpa chochote kitu kakataa, kasema "nendeni mkacheze wanangu". Sasa hivi mpira ukiingia unasikia ile shwaa, na watoto kila wakiisikia wanashangilia kama wamechukua kombe.

Siku hiyo hiyo ndo ukazuka ubishi wa Hasheem Thabeet, yule Mtanzania mwenzetu aliyecheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani.

Kuna dogo mmoja wa Chuno, ana miaka 16, mrefu balaa, msimu wa korosho anabeba magunia ghalani, kaja pale kutazama tu. Nikamwambia ingia. Akasema "mi nshachelewa kaka, hawa wenzangu wameanza wadogo". Kabla sijajibu mshkaji wangu mmoja akadakia, hata Hasheem alikuwa mrefu hivyo hivyo, kaenda huko NBA kafeli. Lile neno kafeli nimekaa nalo siku nne halinitoki, ndo maana naandika.

Tuanzie mwanzo basi. Hasheem kazaliwa Dar, Februari 16, 1987. Baba yake alikuwa msanifu wa majengo, akafariki Hasheem akiwa bado mdogo, mama akabaki na watoto. Mpira wa kikapu kaanza kuugusa ana miaka kama 15 hivi. Kumi na tano! Wenzake aliokuja kukutana nao Marekani wengi mpira wanao mkononi toka wana miaka sita saba. Akapita Kenya, akafika Houston kule Texas kumalizia shule, na 2006 tayari yuko chuo kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun, mtu ambaye wakati ule alishabeba ubingwa wa vyuo Marekani mara mbili, 1999 na 2004, kwa hiyo sio kocha wa kukuchukua kwa huruma eti kwa sababu umetoka mbali.

Na pale chuoni hakukaa benchi. 2008 kachaguliwa mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo aliyokuwa anacheza, 2009 tena, na mwaka huo huo wa 2009 akawa mchezaji bora wa ligi hiyo akigawana tuzo na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Kuna mechi moja na Providence, Januari 2009, kapiga pointi 15, ribaundi 11 (mipira iliyokosa kuingia akaidaka) na bloku 10, yaani mipira ya wapinzani aliyoizuia hewani. Bloku kumi mechi moja we acha tu.

Hapa nataka nisimame kidogo maana watu wanadhani bloku ni urefu basi. Sio. Mpira ukishaanza kushuka kuelekea kwenye ringi ukiugusa umewapa wapinzani kikapu, pointi zinahesabiwa kama umeingia, kwa hiyo una ile nafasi ndogo tu wakati bado unapanda, na ukiwahi kuruka jamaa anakudanganya anakusubiri ushuke ndo anarusha, ukichelewa unampiga mkono unapewa faulo. Ndani ya hiyo nusu sekunde inabidi uwe umeshasoma bega lake. Mita 2.21 za Hasheem zinasaidia, nani anabisha, lakini bega la mtu hulisomi kwa urefu. Hasheem alijifunza hayo yote akiwa mkubwa tayari, ndani ya miaka michache, kwenye ligi iliyokuwa moja ya ngumu kabisa za vyuo. Machi 2009 timu yake ilicheza na Syracuse New York mechi ikaenda muda wa nyongeza mara sita, wakapoteza 127 kwa 117. Wiki chache baadae wakafika nne bora ya taifa kule Detroit, Michigan State wakawatoa.

Halafu Juni 25, 2009 drafti, na siongelei ile ya visoda, hii ya NBA kuchagua vijana. Wa kwanza Blake Griffin. Wa pili Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, Memphis Grizzlies wamemchukua. Wa tatu James Harden. Stephen Curry, huyu staa mkubwa, yeye kasubiri mpaka wa saba. Mtanzania wa kwanza kuingia ile ligi kaingia kwa namba mbili! Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane, mi nilikuja kusikia kesho yake kwa kinyozi, redio inasema, kinyozi kasimamisha mashine kichwani kwangu upande mmoja umenyolewa mwingine bado, tunasikiliza.

Na ile namba mbili ndo ikawa mzigo wenyewe. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol kwenye nafasi yake ile ile ya kati, dakika zikawa za kuokoteza, na Februari 2010 wakamshusha ligi ya chini kwa Dakota Wizards, hakuna aliyechaguliwa juu namna ile aliyewahi kushushwa kabla yake. Toka hapo ni kuhamishwa tu, Houston, Portland, kisha misimu miwili Oklahoma City pamoja na mastaa kina Durant na Westbrook, 2014 Philadelphia wakampokea na kumwacha hapo hapo. Misimu mitano, wastani pointi mbili na kidogo kwa mechi. Hakufikia kile Memphis walichotegemea, hilo sibishi. Kufunga kulikuwa kunamsumbua, na faulo zilimtoa mapema mara nyingi. Ila angechaguliwa wa 25 leo nani angesema kafeli? Wangesema kijana wa Tanzania kacheza NBA miaka mitano. Maisha ni yale yale, kilichobadilika ni namba waliyombandika wao.

Na mi kinachonigusa zaidi ni baada ya hapo, maana angeweza kurudi Dar akakaa. Kaenda Yokohama kule Japani, karudi Marekani ligi ya chini na Fort Wayne kashapita miaka 30, kisha Taiwan. Mtu ambaye kazi imemshinda haamki asubuhi kupaka magoti dawa nchi za watu kwa miaka yote hiyo.

Mpira unatufikia umechelewa, ndo ninachosema. UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, ilipofanyika hapa Mtwara 2021 mji ulichangamka, wakaondoka, kimya. Shule moja hapa hapa iling'oa nguzo za ringi ipate pa kupaki magari, nilisimama nikaangalia zile nguzo zimelala chini nikashindwa hata kuongea. Halafu mtoto akifika kiwanjani na miaka 16 anajiona mzee.

Basi yule dogo nikamwambia hii stori yote nilivyoiandika hapa, tumekaa kwenye ukingo wa sementi. Akanyamaza. Akauliza, "kumi na tano kweli?" Nikamwambia kweli. Akavua kandambili akaingia. Mipira minne ya kwanza yote kaigusa inashuka, vikapu vya bure, wenzake wanalalamika. Wa tano kasubiri, kamtazama jamaa bega kama nilivyomwambia, kapanda naye, kauzima mpira juu kabisa kwa kiganja, taratibu, hata hakuupiga, kaushika tu kama anachuma embe.

Jana karudi. Bado anacheza peku kwenye sementi na jua la huku mnalijua, nyayo zimebabuka. Raba za mguu wake hapa mjini tumezunguka hatujapata, namba 47 au 48. Mwenye nazo popote, hata zilizotumika, aniandikie, azipakie kwenye basi la Mtwara, mi nitazipokea stendi na nauli ya mzigo nalipa mwenyewe.