Siku baba alipopika steki nyumbani

Juzi jioni binti yangu kaniuliza, mama, babu si alikuwa mpishi, mbona tukienda Iringa hatujawahi kumuona jikoni? Nilikuwa nachambua mboga, nikamjibu juu juu tu, babu kazeeka, babu anapumzika. Usiku usingizi ukakata maana nilichomjibu hakijakamilika. Babu yake alishapika pale nyumbani, mara moja, na mi nilikuwa nimesimama pembeni ya jiko mwanzo mpaka mwisho.

Ilikuwa Julai 1997, ule mwaka wa El Niño ila mvua zenyewe bado. Baba ndo karudi moja kwa moja kutoka Mufindi, ile kazi ya nyumba ya wageni kule kwenye mashamba ya chai ikawa imeisha, karudi na godoro, sanduku, na flampeni moja nyeusi ya chuma, nzito, mama akaiangalia akauliza hii nayo ya nini. Jumamosi asubuhi, baridi ile ya Julai mnaijua, baba akavaa koti akasema leo napika mimi. Akanichukua twende bucha.

Muuzaji alikuwa ameshanyanyua panga. Kwetu ukisema kilo unapata mchanganyiko, mfupa humo, mafuta humo, inapigwa juu ya gogo inafungwa. Baba akamwambia taratibu, kijana wangu, subiri, naomba sarara, usiikate. Akaazima kisu akakata mwenyewe akikatisha nyuzi za nyama, vipande vinne, kila kimoja unene wa vidole viwili. Njiani akawa ananieleza kwamba kule kazini nyama ilikuwa inakaa kwenye friji karibu wiki nzima kabla ya kupikwa, inalainika yenyewe, lakini huyu ng'ombe kachinjwa alfajiri, nyama bado imekaza, kwa hiyo tunachukua sarara kwa sababu iko juu mgongoni, haijafanya kazi nzito kama paja au bega, hata ikiwa ya leo inatafunika. Baba ni mtu wa maneno machache sana, siku ile aliongea njia nzima.

Nyumbani akaipaka chumvi pande zote akaiacha kama saa nzima. Chumvi ikatoa maji, mengine yakarudi ndani. Af akachukua kitambaa safi akaanza kuikausha, anabonyeza, anageuza, anabonyeza tena, mama akasema Baba Neema unaifuta nyama kama mtoto aliyetoka kuoga. Baba akasema ikiwa na maji itachemka, haitakaanga. Hili nimekuja kulielewa ukubwani, maana maji ya juu ya nyama yakiwepo joto linaishia kuyachemsha, na kwa muinuko wetu maji yanachemka hata kabla ya kufika nyuzi 100, wakati ile rangi ya kahawia na harufu yake inahitaji kama nyuzi 140 na kuendelea. Kuna Mfaransa, Louis-Camille Maillard, aliyaeleza mabadiliko hayo mwaka 1912 na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Baba yeye aliamini ukiikaanga hivyo unaziba maji yasitoke, ndo alivyofundishwa, na hata Mjerumani Justus von Liebig aliwahi kuandika hivyo karne ya 19, ila watu wakaja kupima wakakuta hakizibwi kitu. Sababu haikuwa yenyewe lakini mkono wake ulikuwa sahihi kabisa, na kwangu mimi mkono ndo muhimu.

Sasa flampeni. Aliiweka kwenye mkaa uliokolea akaiacha tupu, muda mrefu, mpaka mi nikawa na wasiwasi. Akatupia vipande vya mafuta alivyovipunguza kwenye nyama, vikayeyuka, moshi mwembamba ukaanza kupanda. Hapo akanivuta nyuma kidogo kwa mkono wa kushoto, na wa kulia akalaza kipande cha kwanza akianzia upande wake kwenda mbele, ili mafuta yasiturukie. Ile sauti! Mvua ya Februari kwenye bati. Mama alinyanyuka kutoka kwenye kigoda chake. Harufu ikajaa uani, na sio ile harufu ya nyama ya kuchemsha tuliyoizoea, hii ilikuwa kali, tamu, karibu kama karanga, kaka yangu akatoka ndani kitabu mkononi.

Nikataka kuigeuza. Baba akasema usiiguse. Tukakaa tunaiangalia. Imeshika kwenye chuma, nikamwambia baba imeganda, akasema itajiachia yenyewe ikiwa tayari, ukiing'oa sasa hivi unaacha ngozi yake chini. Nilikuwa namuangalia yeye zaidi kuliko nyama, kainamisha kichwa, anasikiliza, kweli alikuwa anapika kwa sikio, mlio ulipopungua kidogo akaisukuma kwa ncha ya uma na ikateleza. Akageuza. Upande wa juu ulikuwa na rangi ya mninga uliopigwa msasa. Akaweka kijiko cha siagi mwishoni, akasema siagi ukiitanguliza inaungua, na punje za kitunguu saumu alizoziponda na maganda yake, akainamisha flampeni akawa anachota yale mafuta anaimwagia nyama juu, anachota anamwagia. Af akanishika mkono, akabonyeza hapa chini ya dole gumba, akasema laini hivi ndani bado, gusanisha dole gumba na kidole cha kati, umeona pamekaza kidogo? Hapo ndo tunapopataka. Nikabonyeza nyama, nikabonyeza mkono, kweli zilifanana.

Akaziacha zipumzike kwenye sahani wakati sote tuna njaa. Zikakatwa, ndani nyekundu.

Mama akasema hii mbona mbichi. Baba akasema imeiva inavyotakiwa. Damu hii, Baba Neema. Ile kwa kweli sio damu, damu ya ng'ombe inatoka akichinjwa, ni maji ya kwenye nyama yenye rangi ya misuli, lakini nani angemwambia mama hayo saa ile, na yeye amekua akiona watu wanaugua tegu, na tegu wa nyama ya ng'ombe kweli hafi mpaka nyama ipate moto wa kutosha ndani. Mama hakuwa mshamba, alikuwa na sababu. Akaomba chake kirudi motoni. Baba akakirudisha bila neno, kikakaa mpaka kikawa kijivu kote, akamletea.

Tukala na ugali. Baba alikula chake taratibu sana. Ndo mama akauliza, kwa hiyo miaka yote ile ulikuwa unawapikia hivi? Ndiyo. Na wewe ulikuwa unakula? Baba akasema sisi kule nyuma tulikuwa na ugali wetu, hii nilikuwa naonja pembeni kujua chumvi. Mama akaacha kutafuna.

Kwa hiyo siku ile ndo alikula steki nzima aliyoipika mwenyewe. Niliwaza hilo usiku kucha juzi. Hakuipika tena. Nilivyomuuliza, nikiwa sekondari, alisema kilo ile ukiitia kwenye mchuzi inalisha nyumba nzima na jirani akipita, ukifanya steki wanakula wanne imeisha. Sababu nzuri tu, ila sidhani kama ndo yote. Mama anaamini ni kwa sababu yake, kwamba asingerudisha kile kipande motoni baba angeendelea kupika, na mpaka leo ukitaja flampeni anabadilisha mazungumzo. Mi sijui. Inawezekana baba alitaka kuila mara moja tu na akawa ameridhika. Inawezekana hakuwa ameridhika hata kidogo.

Flampeni ipo, mama anakaangia karanga. Desemba tukitoka Mbeya kwenda kwao nitabeba sarara nzima na kipimajoto nilichonunua, cha mama nikitoe kikifika nyuzi 70 na cha baba 57, na binti yangu nimemwambia akae karibu na babu yake aombe kufundishwa ile ya kubonyeza mkono. Baba akikataa kupika, basi nitapika mimi na yeye akae kwenye kigoda.