Kuupa uwanja mgongo

Mama yangu, aliyeko Likoni, ameniuliza mara tatu kwenye simu: mmefunga safari hadi Ufaransa kuwatazama watu waliokaa vitini wakirusha mipira? Nikamwambia ndiyo, mama, na laiti ungekuwepo.

Mwanangu ana miaka 14 na ana mtindio wa ubongo. Mikono yake haimtii. Kwenye mchezo huo, boccia, ambayo wenyewe huitamka bocha, yeye huchezea daraja la BC3, la wachezaji wasioweza kuurusha mpira kwa mkono wala kuupiga kwa mguu. Hao hutumia rampu, mfereji mrefu ulioinama. Mpira unawekwa juu, mchezaji anauachia mwenyewe kwa mkono, kwa kijiti cha mdomoni au kwa kijiti kilichofungwa kichwani, nao unateremka hadi uwanjani. Anayeisogeza rampu ni msaidizi, na msaidizi wa mwanangu ni mimi.

Msaidizi haruhusiwi kuutazama uwanja. Unaupa mgongo, unamwelekea mchezaji wako, na unafanya yale tu anayokuagiza. Ukigeuka kuchungulia unaadhibiwa. Sisi huagizana kwa Kiswahili: kushoto, kulia, juu, rudi, hapo. Kushoto kwake ndiko kulia kwangu, na ilinichukua majira mazima ya baridi mpaka mikono ikazoea.

Basi Paralimpiki za Paris 2024 zilipokaribia, tukadunduliza. Treni kutoka kwetu Glasgow, Uskoti, hadi London, tukalala kwa binamu yangu, kesho yake treni nyingine hadi stesheni ya Gare du Nord, Paris. Metro ya Paris ni ya zamani. Ni laini ya 14 peke yake ambayo stesheni zake zote zina lifti, kwa hiyo tulizunguka kwa mabasi na tramu. Tramu ya T3a inakushusha Porte de Versailles, mlangoni kabisa mwa ukumbi wa boccia. Mwanangu alipoona viti vya magurudumu vilivyojaa pale nje, vya kila rangi, vyenye bendera nyuma, alinyamaza muda mrefu. Hajawahi kuwa mahali ambapo wenye viti ndio wengi.

Tulikuwa tunaifuata timu ya Uingereza, maana huko ndiko anakosomea na huko ndiko alikojifunza mchezo. Alikuja hasa kwa David Smith, yule mwenye nywele za panki zilizopakwa nyekundu na buluu kama mipira yenyewe, bingwa wa daraja la BC1 wa Rio na wa Tokyo. Safari hii Smith hakupata medali kwenye mchezo wa mmoja mmoja. Mwanangu hakutaka kula mchana ule.

Aliyetufuta machozi ni Stephen McGuire, kijana wa Hamilton, mji ulio jirani kabisa na sisi. Ugonjwa wake ni wa misuli kudhoofika na anacheza BC4, anarusha kwa mkono wake mwenyewe. Hii ilikuwa Paralimpiki yake ya nne. Kwenye fainali alikutana na Edilson Chica wa Kolombia. Uwanja wa boccia una upana wa mita 6 na urefu wa mita 12.5, na shabaha ni mpira mmoja mweupe. Kila upande una mipira sita, na aliye karibu zaidi na mweupe ndiye mwenye pointi. Kuna wakati refa hupiga magoti na kupima kati ya mipira miwili, na ukumbi mzima unashika pumzi. McGuire alichukua dhahabu. Nilipiga vigelegele vya kwetu, vile vya harusini, na wazee wawili Waskoti waliokaa mbele yangu wakageuka, kisha wakaomba nirudie.

Lakini moyo wangu ulibaki BC3. Kila mechi ya daraja lile sikuangalia mipira, niliangalia wasaidizi. Kuna Grigorios Polychronidis wa Ugiriki, ambaye msaidizi wake ni mkewe, Katerina Patroni. Kuna Daniel Michel wa Australia, aliyefika fainali akashindwa na Jeong Ho-won wa Korea Kusini. Wakorea hawajakosa dhahabu ya boccia hata mara moja tangu Seoul 1988. Ile ilikuwa Paralimpiki ya kumi mfululizo. Na wasaidizi wa BC3 nao huvishwa medali, jambo ambalo naliona ni haki tupu.

Nilichokitazama ni mikono yao. Mchezaji anafikiri, saa inahesabu, na msaidizi ametulia, viganja juu ya rampu, hasogezi hata ukucha. Anangoja. Sekunde kumi, ishirini. Amri ikija, rampu inasogea kidogo sana, upana wa punje ya mchele, kisha mikono inatulia tena.

Mwanangu akanigusa kwa kiwiko. "Umeona?" akasema. "Anangoja."

Nikahisi uso unanichoma. Mimi singoji. Miaka 14 nimemjua mtoto huyu kwa macho yake: akitazama kikombe nampa maji, akitazama mlango namtoa nje. Ndivyo tulivyoishi, na bila hivyo tusingeishi. Nikiupa uwanja mgongo, ninachobaki nacho mbele yangu ni uso wake, nami huusoma. Macho yakielekea upande huu, rampu nimeshaisukuma. Mbali na kuwa ni kosa la mchezo, nilikuwa namchezea mechi yake. Alikuwa anajua siku zote, na hakuwahi kuniambia. Usiku ule hotelini nilimwomba radhi. Akasema, "Si neno, mama," halafu akaniuliza kama tuna chipsi zilizobaki.

Alhamisi tumerudi kwenye ukumbi wetu wa mazoezi. Nikakaa, mgongo uwanjani, viganja juu ya rampu. Nyuma yangu nikasikia mpira wa mpinzani ukigonga mwingine, kisha kimya. Macho yake yakaenda kulia, yakakaa hukohuko. Vidole vyangu vikaanza kuwasha. Sikusogeza. Akameza mate, kama afanyavyo kabla ya kusema.

"Kushoto, mama."