Chachu yenye jina la pombe yetu

Jana nilikuwa Marangu kwa shangazi, akanifunulia ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, yaani povu linapanda na kutoa vijiputo kama iko jikoni wakati ndoo yenyewe ya baridi kabisa. Nikamwambia shangazi hiyo ni chachu, viumbe hai, inakula sukari ya ndizi na kuzaana. Akaniuliza, sasa nani anaiambia igawanyike saa ngapi?

Jamani swali hilo limempa mtu Nobel mwaka 2001! Kuna chachu ilitolewa kwenye pombe ya ulezi ya huku Afrika Mashariki, mwaka 1893 mwanasayansi Mjerumani Lindner akaiita Schizosaccharomyces pombe, ndiyo, pombe hii hii yetu, na kila nikikumbuka nafurahi sana. Miaka mingi baadaye Paul Nurse wa Uingereza, huyo wa Nobel, akaichunguza akakuta protini inaitwa Cdc2, hiyo ni kama konda wa daladala, akigonga bodi gari inaondoka, yaani seli inagawanyika. Protini nyingine, Wee1, inamzuia konda asigonge mapema, ikiharibika seli zinagawanyika kabla hazijakua, zinabaki ndogo.

Mwaka 1987 timu yake ikachukua jeni ya binadamu, yaani maelekezo ya kutengeneza protini inayofanana na Cdc2, ikaiweka kwenye chachu ambayo Cdc2 yake mbovu, na chachu ikaendelea kugawanyika vizuri tu. Kumbe konda ni yule yule! Ndiyo maana chachu inasaidia kuielewa saratani, seli zinazogawanyika bila kusikia breki.

Bibi yetu alikufa kwa saratani. Shangazi akanyamaza, akafunika ndoo taratibu.